Vidonge vya Pindoni

Bibi,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini ningeanza barua bila salamu ungefufuka unichape.

Tulipokuzika, vidonge vyangu, vile nilivyoandikiwa na daktari ili nitulie darasani, nilianza kuvitunza mwenyewe. Wewe ulivifunga kwenye pindo la kanga, unanitolea kimoja asubuhi, nikishameza unasema, "Fungua mdomo. Inua ulimi." Mtu mzima wa kidato cha nne. Nilikuwa nachukia kweli.

Sasa sikia. Wiki ya mtihani wa majaribio, Zawadi, yule rafiki yangu aliyekuwa akimaliza mihogo yako, alikuja kunibembeleza. Shuleni walishaambiana kwamba ukimeza dawa yangu unashika kitabu kizima. Nikampa viwili. Nilijiona daktari mkuu wa Ujiji.

Kitabu hakukigusa. Alikwenda mwaloni Kibirizi kumsaidia mama yake kuanika dagaa, akaanza kuwapanga mmoja mmoja, kuanzia mkubwa hadi mdogo, vichwa vyote vikitazama Kongo, ng'ambo ya ziwa. Chanja nzima, Bibi. Hakula, hakunywa, hakumjibu mtu. Wachuuzi waliacha biashara wakaja kushangaa, nami nikiwemo. Mama yake akasema mtoto karogwa, na ukiwaona wale dagaa hata wewe ungekubali.

Nilicheka mpaka Zawadi alipojishika kifua na kukaa chini. Moyo ulimwenda mbio, mikono inatetemeka. Watu wakabishana aitwe mchungaji au mganga. Nikisema, nafukuzwa shule. Nikinyamaza, watamwombea huku anakufa. Sijawahi kuogopa vile, hata siku ya mazishi yako.

Nikasema, "Hajarogwa. Kameza dawa yangu, nimempa mimi."

Mama yake alimpakia kwenye bodaboda hadi hospitali. Amepona, ila dagaa hataki hata kuwasikia. Mimi nilisimamishwa shule wiki mbili, na kila Jumamosi namchambulia mama yake dagaa. Ameniambia vichwa vitazame popote.

Kanga yako karithi Shangazi, na vidonge vimerudi pindoni. Tatizo lake haangalii. Akishanipa anageukia birika. Basi nafungua mdomo mwenyewe, nainua ulimi, nasimama hivyohivyo mpaka ageuke. Jana chai ilipoa.

Nimekukumbuka sana, Bibi. Sitampa mtu tena, nakuahidi. Pumzika. Ulimi uko juu.

Mjukuu wako,
Asha