Mama, Sikulewa

Ng'ambo, Tabora
Ijumaa, baada ya swala

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana ile ya kwanza ni ya siku zote na hii ya pili ni ya kukutuliza moyo. Huku sote tu wazima. Mke wangu Mwajuma mzima, watoto wazima, na mimi nina kikohozi changu kilekile unachokijua. Goti lako linasemaje siku hizi? Mawese uliyotuma kwa gari moshi yalifika salama, ila Mwajuma ameyaficha, anasema nayamaliza.

Barua yako ilinikuta karakanani nikijaza sufi kwenye godoro. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Unaniambia nimwogope Mungu, niache pombe, nimkumbuke marehemu baba. Mama, niliumia sana. Sikukukasirikia wewe, nilimkasirikia aliyekuletea habari, yaani Yusufu, mtoto wa mama mdogo. Na kwa kuwa najua ni yeye huyohuyo anayekusomea barua hii, naomba niseme naye kidogo: Yusufu, soma polepole, usiruke mstari, na huko mbele usijifanye umepaliwa.

Mama, sijaonja pombe tangu unizae. Alichokiona Yusufu ni kweli, ila alichokielewa sicho. Alipita hapa Ijumaa moja akitoka Dar es Salaam, tukaenda wote msikitini. Kwenye birika la kutawadhia nikaosha uso na mikono, nikapaka maji kichwani, nikainua mguu wa kulia niuoshe. Ule wa kushoto ukanikataa. Nikayumba huku, nikayumba kule, nikaingia birikani mzimamzima na kanzu yangu nyeupe. Kikohozi kikanishika humohumo majini, nisiweze kusema neno. Mtu mmoja nyuma akasema, "Hamisi leo kapitia kwenye wanzuki." Wanzuki ni ile pombe ya asali wanayopika huku. Watu wakacheka. Yusufu alikuwa amesimama pale na kofia yake mpya, akanitazama tu. Safari yake ilipoendelea, akakubebea wewe maneno hayo.

Basi yakazidi. Mzee Kasongo, mjumbe wetu wa nyumba kumi, alikuja karakanani eti kuomba uzi. Alinisogelea mpaka ndevu zake zikanigusa shavu.

"Mzee, unanusa nini?" nikamwuliza.

"Nanusa sufi."

"Kuna kingine?"

"Hakuna," akasema. Lakini uzi hakuchukua, wala hakwenda kuwaambia watu kwamba hakuna kingine.

Ushirika wetu wa mafundi ulikuwa umepata kazi ya magodoro ya shule ya bweni, na mimi ndiye mwenyekiti. Wenzangu wakaanza kunong'ona kwamba Chama hakitaki walevi mbele ya wananchi, afadhali achaguliwe mwingine. Nami nitajitetea vipi, ikiwa nikitembea nayumba kweli? Kila nikiyumba namwona mtu anamgusa mwenzake kwa kiwiko. Nikaacha kwenda sokoni, nikaacha hata msikiti, nikawa mtu wa karakanani na kitandani. Kumbe huko kukaa ndiko kulikuwa kunanimaliza.

Mwajuma ndiye aliyechoka. Unawajua wanawake wa kwao Kigwa, hawabembelezi mtu. Aliniambia, "Baba Salima, ama unakwenda hospitali kwa miguu yako, ama nakubeba mgongoni mchana kweupe."

Nikaenda. Tabibu alinisikiliza kifua mbele na nyuma, akanitembeza mpaka ukutani na kurudi, kisha akasema nisimame kwa mguu mmoja. Nikamdaka bega. Akaniuliza kazi yangu, nikamwambia fundi magodoro tangu ujana wangu. Basi akanieleza. Vumbi la sufi na pamba nililovuta miaka yote hiyo limenipa kifua sugu, na hakitarudi kuwa kama zamani. Mtu akikosa pumzi huogopa kutembea. Asipotembea mapaja hulegea, na yakilegea mwili hukosa mizani.

"Wengi wenye kifua kama chako wanayumba," alisema, "ila wanaona haya kusema."

Nilitaka kumkumbatia, mama. Nilikuwa nimeanza kujishuku mwenyewe, nikidhani labda nimerogwa.

Akanipa dawa, akanipa na kazi. Niinuke kitini na kukaa bila kushika kitu. Nisimame kwa mguu mmoja karibu na ukuta. Nitembee juu ya mstari, kisigino mbele ya vidole, huku natoa pumzi taratibu kwa midomo kama mtu anayepoza uji. Nikatandaza uzi wangu wa magodoro sakafuni, ukawa ndio mstari. Mwajuma alitembea mbele yangu kinyumenyume akiniita, "Njoo, mtoto mzuri, njoo," na watoto wakavunjika mbavu. Nilianguka mara nyingi, lakini niliangukia magodoro. Fundi gani mwingine ana bahati hiyo? Siku hizi nafunga kitambaa puani nikijaza sufi, na wenzangu wa ushirika nimewalazimisha wafunge vilevile.

Sasa sikiliza ya leo. Nilikwenda msikitini na kanzu ileile. Pale birikani walikuwepo walewale, na Mzee Kasongo nyuma yangu. Nilipoinua mguu wa kulia, viwiko vikaanza kugusana. Nikaosha kidole kimoja kimoja, bila haraka. Nikaushusha. Nikainua wa kushoto, mwili ukataka kwenda, nikapoza uji wangu, ukatulia. Nikaumaliza nao. Sikushika mtu.

Mzee Kasongo akasema kwa sauti, "Aliyesema wanzuki na aje ainue mguu tumwone." Hakuja mtu. Yeye mwenyewe akajaribu, akanidaka kanzu, tukacheka wote. Baada ya swala akanivuta pembeni. Mke wake anakohoa kwa moshi wa jikoni, na ameacha hata kwenda harusini kwa kuogopa kuanguka mbele za watu. Akauliza kama anaweza kuja kutembea kwenye uzi wangu. Nimemwambia aje kesho, Mwajuma atakuwepo. Na uenyekiti bado ninao. Mama, najivuna, na sitaki mtu aniombee radhi kwa hilo.

Nisalimie mama mdogo, umwambie simdai mwanawe kitu ila ukweli. Nisalimie shangazi yangu muuza mawese, na jirani yako Bi Tausi msuka mikeka.

Babu alikuja Tabora kutoka huko Ujiji kwa miguu, na pembe ya ndovu begani. Mimi Idd ya kuchinja nitakuja kwa gari moshi, na godoro jipya la kulalia wewe. Yusufu, wewe utalibeba. Usinishike mkono hata nikiyumba. Na wewe mama, usije kunipokea barabarani. Simama mlangoni, uninyooshee mikono kama ulivyofanya nilipokuwa najifunza kutembea, halafu ungoje. Nitakuja mwenyewe.

Ni mimi mwanao, wa jana na wa leo,
Hamisi