Kikwembe Jina Yake Rudi

Kazi moja ya juma, 4 mwezi wa kumi 1976

Nimepiga pasi tena. Makala ya kuwasha pasi ilikuwa na maji, moshi tupu, nikakohoa mpaka machozi. Lakini iniforme ya Mwamini imenyooka sawa karatasi. Kitambaa ya kijani, imechapwa mikono ya manjano. Mukono moja mukubwa pa kifua, ingine pa mugongo, kiganja wazi, vidole bimenyooka. Njo alama ya ile sipermarshe ya mujini kule anatumika. Mukono Muzuri. Zamani ilikuwa duka ya Mugiriki. Haikukuwa na alama, ilikuwa na harufu ya mukate tu, na bantu balikuwa banajaa.

Nimefungua mishono ya pembeni, upana wa kidole kila upande. Mujukulu yangu Mwamini iko na mimba ya miezi tano. Mimba mbili za mbele zilitoka. Ku kazi hakuna mwenye kujua. Patron, mwenye duka, hapendi tumbo pa mulango yake. Anasema iniforme inataka mwili wa kisichana. Mujinga. Yeye alitokea mu nini, mu sanduku?

Mume yake iko ku Mitwaba, anatafuta mihogo ya kuuza. Habari yake hatuna. Nyumba ni miye na Mwamini. Na huyu wa ndani.

Naandika na herufi za baba. Sikuingia masomo hata siku moja. Baba alinifundisha alifu na be pa mukeka, nipate kusoma Kurani, na Kiswahili nikajiingizia mwenyewe mu zile herufi. Mwamini alisoma kwa bamasista, anajua Kifaransa, hii hawezi kusoma. Muzuri. Kuna bintu sitaki asome.

Kazi mbili, 5

Mutuka ya reklame, ya kutangaza duka, imepita hapa mu mtaa yetu ya Kenya, mbele jua haijapanda. Sauti inatoka mu pavio, ile pembe ya kupaza sauti, juu ya paa: «Mukono Muzuri, mukono wazi! Ingia tupu, toka mujaa!» Batoto balikimbia nyuma yake, banaimba. Saa ileile Mwamini anatoka na iniforme. Banamuke bakasimama ku milango. Mutoto yangu alitembea sawa bibi arusi. Sitadanganya. Nilijivuna.

Mama Safi, jirani yangu, muuza nyanya, aliuliza kama kile kitambaa, kile kikwembe, kinauzwa. Hakiuzwi. Patron aliagiza kiwandani juu ya basichana yake tu. Amri yake: bavae kutoka nyumbani, njia yote, kwenda na kurudi. Anawaita reklame yenye miguu.

Na inatumika, ile akili yake. Mwamini anasema bantu bapya banaingia: tulikuona ku Kenya, tulikuona ku Bel-Air. Banaona kitambaa safi, kola imesimama, banafikiri hata sukari iko.

Posho, 9

Leo Jumamosi, siku ya posho, mutuka ilisema sukari. Bantu balifanya mulongo mpaka ku barabara kubwa. Sukari haikukuwa. Banasema ilipitia mulango ya nyuma. Miye sikuona, siapi. Patron aliweka basichana pa mulango: cheka, sema rudini kesho. Mwamini alisema rudi, rudi, mpaka sauti ikakatika.

Magaribi nilikuwa pa meza ya Mama Safi. Kwetu hapa kikwembe hakipewi jina na kiwanda. Kinapewa na banamuke, pa soko, na jina ikishika haitoki hata na sabuni. Kuna «Mukemwenzi Lala». Kuna «Bwana Aliacha Mulango». Mama Safi aliinua mukono yake, inadondoka maji ya nyanya, akaiweka mbele ya uso yangu sawa polisi wa barabara.

— Mama Zaina, balituambia hii mukono inapana, inagawia bantu. Angalia muzuri. Mukono ya kupana inalala, inaangalia mbingu. Hii imesimama. Hii inafukuza bantu!

— Inasema nini?

— Inasema rudi! Njo jina yake. Kikwembe Rudi.

Soko ikapasuka na kicheko. Muuza samaki alikaa chini, anashika mbavu. Miye pia nilicheka. Niko na meno kidogo lakini nilicheka na yote.

Kazi moja, 11

Jina imevuka mto. Mwamini anasema hata mujini kati banajua. Batoto ba hapa, balebale ba kupiga mikono, leo balimuinulia biganja: Rudi! Rudi! Mumoja nilimukamata sikio. Analia, anasema Kambo, bibi yangu, si weye pia ulicheka?

Kweli.

Kazi tatu, 13

Muntu amemutemea mate. Mwanamuke, na mutoto mu mugongo. Alisema mutoto yake anakunywa uji bila sukari na weye unapita hapa unachekelea. Mwamini alirudi, akasimama pa kona, akauliza: Kambo, miye nilifanya nini? Nilifua mate.

Ile mama hakutemea Mwamini. Alitemea duka. Lakini duka haina uso, njo balimupa ya mutoto yangu.

Aliniambia tumbo inavuta chini. Nilimuambia ni uchovu. Usiku mbele ya kulala nilisema Yasini yote, nikarudilia.

Kazi ine, 14

Nimeenda kwa patron. Nilivaa muzuri, nikajifunika mutandio wa Idi. Aliniketisha, alikuwa na heshima, abakosi yake, ile koti ya bila tai, inangaa. Nyuma yake ku ukuta kuna picha kubwa ya basichana bote mu mulongo na ile mikono pa bifua. Mwamini iko wa tatu. Anacheka mu picha.

— Mwana yangu, nikasema, basichana bavae duka yako mu duka. Mu njia bavae bikwembe byabo.

— Mama, muntu akiona kile kitambaa, anaona nyumba yangu. Njo sababu nilikifanya.

— Njo sababu nimekuja. Banakiona, na banaona nyumba yako haina kitu.

Uso ikafunga. Akasema jina mubaya inaletwa na bavivu na bafitina, na tena basichana banacheka kidogo sana. Juzi alimukuta mumoja amejifunika leso juu ya iniforme mu njia. Alimufukuza palepale. Akasema reklame haifunikwi. Akasema siku ya posho sukari itafika kweli, muntu wa gazeti atakuja kupiga picha, jina itasafishwa.

— Mujukulu yako ana shida gani, Mama? Ni mugonjwa?

Neno ilifika pa meno. Nikisema mimba, anamufukuza. Nisiposema, anabaki mu njia na ile mukono pa kifua. Nikasema: hapana, iko muzima.

Naandika hii na najichukia. Mukono wangu wa kuume unaandika, ulimi wangu ulisema muzima.

Ijumaa, 15

Jana usiku nilimuambia aache kazi. Tulipigana na maneno, hatujapiganaka vile. Anasema tutakula nini, herufi za baba yako? Nilimutusi. Akalia. Nilimupikia sombe, majani ya mihogo, na karanga, akala yote.

Leo asubui nilimufunika mutandio wangu nikamusindikiza. Mbele ya kona ya mujini aliuvua, akanipa. Akaenda na mugongo yake, na mukono ya manjano inaniangalia, kiganja wazi, kama inaniambia miye.

Posho, 16

Damu.

Posho, 16, magaribi

Naandika sababu nikiacha nitapiga mayowe na yeye analala.

Mutuka ilipita tena na sukari yake. Nilimushika mukono pa mulango, nikasema leo usiende. Akasema Kambo, leo njo banapiga picha, asiyekuwa pale hana kazi. Akaenda. Nilikaa. Nikaondoka. Nilimufuata na miguu hii.

Nilikuta bantu sawa siafu. Patron alitoa basichana inje, mbele ya kile chuma cha mulango, mu mulongo, ile mikono yote imesimama pa bifua. Muntu wa gazeti na mashini yake anasema chekeni. Nyuma yabo chuma imefungwa. Mifuko ya sukari ilikuwa kidogo, kila muntu aliona ni kidogo. Muntu akapaza sauti: Wanatuambia rudi! Na bote bakaitika, Rudi! Rudi! Na bakasukuma.

Nilikuwa mbali. Nilipiga bantu na ngumi. Nilisema iko na mimba, iko na mimba, lakini nani anasikia muzee. Nilimuona Mwamini amebanwa pa chuma, mikono miwili chini ya tumbo. Hakujikinga uso. Mwanamuke mumoja alishika ile mukono ya manjano pa kifua akaipasua. Hakumuangalia hata macho.

Kijana wa pushupushu, ile gari ya kusukuma na mikono, alituleta nyumbani. Alimulaza juu ya magunia na hakuchukua hata feza.

Yenga, siku ya mapumuziko, 17

Mama wa kuzalisha bantu alikuja. Aliweka sikio. Anasikia moyo ya katoto, iko. Lakini mulango ya tumbo imeanza kufunguka kidogo. Asiinuke. Miguu juu ya matofali. Asicheke, asilie, asibebe. Nikauliza atabaki? Akasema Mama, Mungu njo anajua, miye najua matofali tu.

Mama Safi alikuja na nyanya mu kikapo. Alisimama inje, analia, anasema ni ulimi wangu, ni ile jina yangu. Nilimufukuza. Nilimuambia peleka nyanya yako kwa shetani. Alifika pa barabara, nikamuita tena.

— Ingia. Shika mutwe wake nimubadilishe kitambaa. Tulicheka sote.

Alishika.

Kazi moja, 18

Damu bado. Kidogo kupita jana. Ao macho yangu inataka iwe kidogo.

Mungu, zile mbili ulichukua sikukuuliza. Hii nakuuliza.

Kazi mbili, 19

Shofere ya duka alifika. Nilifikiri analeta pole. Hapana. Patron anataka iniforme. Ni ya nyumba, si ya Mwamini, kuna msichana mupya anaanza kesho, mwembamba. Mwamini hataitwa tena. Shofere alikuwa anaangalia biatu byake.

Ilikuwa mu beseni, sikuifua. Mukono ya kifua imepasuka, ya mugongo muzima, na kutoka kiuno kuteremuka imekauka mweusi. Niliikunja muzuri, sawa kila siku, kola juu. Nikamupa.

— Mama, iko na damu.

— Najua. Muambie aitundike pembeni ya ile picha.

Alisimama. Akauliza pole-pole kama mutoto iko. Nikasema iko, bado. Akavua kofia. Akaenda na iniforme mukononi, hakuiweka pa mbele mu mutuka. Aliiweka mbali naye, nyuma.

Kazi tatu, 20

Hakuna kitu ya kupasi. Niliwasha makala bule.

Ijumaa, 22

Mvua ya kwanza. Ilianza mbele ya adhana, mabati inapiga ngoma. Mama Safi alileta makala kavu na habari: mutuka ya reklame ilipita ku avenue yabo. Siye hatukuisikia, mvua iliimeza.

Kitambaa kilikuwa safi jana. Kilikuwa safi leo asubui. Mama wa kuzalisha bantu alikuja, akaweka sikio tena, akasema matofali ikae palepale mpaka mwezi wa pili.

Mwamini analala kinywa wazi, sawa alivyokuwa mudogo. Amekonda. Nimekaa pembeni ya kitanda. Nilifungua mukono yangu, kiganja chote, vidole bimenyooka, nikaiweka juu ya tumbo yake. Nikainama, nisimuamushe.

Rudi, nikasema. Rudi ndani, katoto, mukubwa yangu. Huku inje bado.

Nikangoja. Mvua ilipungua, ikarudi.

Kalinipiga teke katikati ya kiganja. Sikuondoa mukono.