Mume Wangu Alipiga Picha ya Ndege Kwenye Mazishi ya Baba

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako maana kichwa changu hakinipi jibu. Mume wangu, nimwite Fulgence, ana studio ndogo ya picha hapa Lizaboni, ni mpole, hanywi, tatizo lake ni ndege na wadudu, tangu biashara ziachiwe huru na filimu za rangi zianze kupatikana madukani yeye akiona kipepeo anaiacha chai inapoa, anampiga picha, kisha anazunguka mtaa mzima kuuliza jina lake, Wangoni wanasema hivi, Wayao wanasema vile, na mimi nilikuwa nacheka tu kwa sababu nilijua nimeolewa na mtu wa namna hiyo. Sasa baba yangu alifariki, tukamzika Mshangano, na kaka yangu mkubwa Makarius akamkabidhi Fulgence, shemeji yake, kazi ya picha, akamwambia atupige sote tukiwa na mzee, asikose mtu. Mshauri, jeneza lilipowekwa kando ya kaburi, akatua juu yake ndege mdogo mweusi na mweupe anayetikisa mkia, na mume wangu akapiga magoti kwenye udongo, akapiga, akasogea, akapiga tena, halafu akamgeukia mjomba Tadei aliyeshika koleo, akanong'ona, "Mjomba, huyu kwenu mnamwitaje?" na mjomba naye akamjibu. Filimu iliporudi kutoka kusafishwa Dar tukakuta ndege, ndege, nyuki kwenye shada, ndege tena, na sisi wafiwa hatumo.

Makarius amesema picha zote zichomwe na Fulgence asikanyage siku ya arobaini, mjomba Tadei amenuniwa na ukoo mzima kwa kujibu, Fulgence anaomba samahani lakini anasema hajawahi kumpata ndege yule kwa karibu namna ile, na mama, ambaye nilidhani ndiye ataumia zaidi, ameomba picha moja akaiweka kwenye kitabu chake cha sala, nikimwuliza ananiambia, "Niachie." Nikiwa na kaka zangu naona wana haki, nikirudi nyumbani namhurumia mume wangu, juzi nilijikuta nacheka peke yangu jikoni nikaogopa. Kaka amesema nichague, ni wao au ni mume wangu. Nifanyeje?

Niliyechanganyikiwa, Lizaboni

SHANGAZI URSULA ANAJIBU

Pole kwa msiba, mwanangu. Mumeo amekosa, tusizungukezunguke. Ndege hana kosa. Kosa ni kupewa kazi ya watu akafanya yake, tena mbele ya maiti ya mkwe wake. Na samahani yenye "lakini" ndani yake haijakamilika, mwambie aimeze hiyo lakini.

Wewe nawe, nani kakuambia ugomvi wa mashemeji unamalizwa na mke kukimbia huku na huku? Mlipooana mlikuwa na mshenga. Mtafuteni, aende na Fulgence kwa Makarius kabla ya arobaini, mumeo aombe radhi akiwa amekaa chini, na aahidi kuupiga ukoo wote picha siku hiyo bila malipo, na kipepeo akipita apite. Makarius akikataa, mshenga arudi tena. Kaka mwenye hasira hukataa kwanza ili abembelezwe. Mjomba Tadei mwacheni, mtu akiulizwa hujibu.

Picha hazichomwi. Mama yenu ameomba moja, na mjane akiomba kitu kama hicho haulizwi sababu. Mshenga amwulize Makarius, kwa upole, kama yuko tayari kwenda kuichomoa kwenye kitabu cha sala cha mama yake.

Kuchagua hutachagua. Arobaini ni ya baba yako, utakwenda. Ila nimeisoma barua yako mara mbili, mwanangu, na umeniandikia habari za ndege, filimu, kaka, mjomba na mume. Baba yako umemtaja kwa jeneza tu. Sijui alikuwa mtu wa namna gani, wala sijaona mahali ulipolia, nadhani hawajakupa nafasi. Kicheko cha jikoni usikiogope, ni machozi yaliyokosa njia. Safari ya kwa Makarius waachie mumeo na mshenga. Wewe nenda kwa mama yako, kaeni wawili tu, mumlilie baba yako.