Suti ya Jirani

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai goti limepata nafuu. Mimi ni mzima wa chuma, ila nimeanza kusahau sauti yangu. Humu ndani inayonijibu ni cherehani tu.

Umeniomba nimwandikie mwanao barua kali, kwa kuwa amesema yeye si binti, ni kijana wa kiume na anataka kurudi nyumbani akiwa hivyo. Umesema mjomba atamnyoosha. Kweli, mbele yangu hakuna kisichonyooka. Niliwahi kumshonea waziri suti gizani, akaivaa, akaniomba nimfundishe na kutembea.

Unajua pia kwamba sipimi mtu kwa futi. Jicho langu latosha: mwanamume namjua kwa mabega, mwanamke hata ajifunike gunia. Basi jirani yangu wa ukutani akataka suti. Ndiye tuliyecheza naye drafti kila jioni, ndiye aliyenipikia uji homa iliponilaza. Nikamkatia kwa jicho. Koti likambana kifuani. Nikamtania kwamba uji wake unamnenepesha mwenyewe. Hakucheka. Alikaa, akanieleza taratibu kwamba alipozaliwa aliitwa msichana. Kisha akauliza, "Fundi, suti bado utaishona?"

Dada, mimi huyu nikamtazama upya. Nilimtafuta usoni mwake yule mtu wa ajabu niliyezoea kusimulia habari zake vijiweni, nikamwona mwenzangu wa drafti, yule yule mwizi wa kete. Nikafumua koti, nikaanza upya.

Baadaye wapangaji wakapata habari, wakamzomea mpaka akahama. Niliwatwanga watu kumi. Haya, walikuwa wawili, na mmoja ana mkongojo.

Sasa nikwambie nililokuficha. Wale marafiki wanaojaa chumbani kwangu kila nikikuandikia, hawapo. Alikuwa yule jirani peke yake. Siku hizi drafti nacheza mkono kwa mkono, na wa kushoto unaniibia.

Barua kali sitaiandika. Sitaki mpwa wangu akakae kwenye kiti cha mtu baki, aulize swali kama lile, asijibiwe. Mpokee. Ukishindwa, mlete kwangu, kitanda kipo. Kitambaa cha suti yake nimeshanunua, lakini sijakitia mkasi. Mwambie aje, mjomba wake ampime kwa futi.

Msalimie shemeji, na wote watakaouliza habari zangu, kama wapo.

Ni mimi nduguyo,
Fundi wa mafundi