Saa ya Georgia

Jumatano, 4 Februari 2015

Tavaris amesaini kwenda kucheza mpira wa Kimarekani chuoni. Ukumbi wa michezo wa shule ulijaa asubuhi na mapema kama ibada ya Pasaka. Meza moja, kitambaa cha bluu, wavulana wawili: mdogo wangu na Cort Askew. Mbele ya Tavaris ziliwekwa kofia za vyuo vitatu. Akaigusa ya katikati, akaiacha, akavaa ya Caldmont. Makofi, vigelegele, Mama analia na kucheka kwa pamoja. Cort hakuwa na cha kuchagua, maana ni chuo kimoja tu kidogo cha milimani kilichomtaka. Akaivaa kofia yake kwa madaha kana kwamba ameikataa dunia nzima.

Saa moja asubuhi karatasi zilishasainiwa na kuingia kwenye faksi. Kocha Brannock wa Caldmont akapiga simu papo hapo, sauti ikafunguliwa ukumbi mzima usikie: sasa huyu ni mwanangu, Mama Gaither, nitamlea mimi. Miaka miwili mtu huyu anakuja kwetu. Anajua ni kiti kipi cha sebuleni chenye mguu mbovu.

Nilipiga makofi hata mimi, niliyehitimu historia na nisiye mwepesi wa kuamini.

Ijumaa, 6 Februari

Brannock ameondoka.

Si uvumi. Chuo cha Port Lavelle, Texas, kimemtangaza kocha wake saa nne. Picha yake ipo: tai ya rangi ya chungwa, meno yote nje. Kile kitambaa cha bluu hakijafuliwa bado.

Alimpigia Tavaris baada ya tangazo, si kabla. Nilisikia upande mmoja tu: "Ndiyo, Kocha. Naelewa, Kocha. Hongera, Kocha." Hongera! Nikamnyang'anya simu, nikauliza swali moja: ulijua lini? Nimpe haki yake, hakudanganya. Tangu katikati ya Januari. Kocha mkuu wa Caldmont, Strickland, alimwomba afunge mdomo mpaka karatasi ziingie. Ndivyo kazi hii ilivyo, ndugu yangu, nina watoto wa kulea.

Nikamwambia mmoja wa watoto hao ameketi jikoni kwetu. Juzi alimtangaza mbele ya ukumbi mzima.

Akakata.

Basi wako wawili: aliyenyamaza na aliyeagiza kunyamaza. Nitawashughulikia wote wawili. Wengine hasira zao huwaka kama karatasi, zikawa jivu kabla ya jioni. Yangu nitaifukia kama kaa la moto, iive taratibu.

Jumapili, 8 Februari

Kanisani leo kila mtu amekuwa mwanafalsafa. Mvulana achague chuo, asichague kocha! Kila benchi wimbo ni huo. Mezani Mjomba Lucious akaurudia, kambare mdomoni.

"Sawa, Mjomba," nikasema. "Achague chuo. Nani alikuja sebuleni humu? Maktaba? Jengo la kemia ndilo lililokula kambare wa Mama likaomba kuongezewa?"

"Haya. Profesa kaanza."

"Mvulana akivunja karatasi, anafungiwa mwaka mzima bila kucheza. Kocha akiivunja, anafungiwa na nani?"

"Na mkewe," akasema Mjomba, na hata Mama akacheka.

Tavaris hakucheka. Alikuwa akimegamega mkate wa mahindi bila kutia hata kipande mdomoni. Ulinzi wa Caldmont uliundwa na Brannock, na ndani yake alimtengea mdogo wangu nafasi. Mrithi wake ameshasema magazetini kwamba anataka walinzi warefu, wembamba. Tavaris ni mfupi na mpana kama jokofu la dukani. Hahitaji kuelezwa. Miaka minne ya kuwatazama wenzake wakicheza, na hakuna atakayekuja tena kumtafuta.

Jumatatu, 9 Februari

Nimempigia Strickland mwenyewe, nikaomba amwachilie Tavaris atafute chuo kingine. Nilitumia adabu yote niliyolelewa nayo. Akasema karatasi ni karatasi, kijana. Akaongeza kwamba kama ina neno gumu, yuko tayari kunifafanulia.

Lazima liwepo. Nitalitafuta mwenyewe.

Jumanne, 10 Februari

Nimelipata.

Nimeisoma karatasi ile kama ndugu wasomavyo wosia wa tajiri. Karibu na mwisho, kwa herufi ndogo kama sisimizi: karatasi iliyosainiwa kabla ya saa moja asubuhi, *kwa saa halali ya mahali iliposainiwa*, ni batili. Na chuo kilichoipokea, ikithibitika, hakitasajili mchezaji yeyote wa jimbo hilo kwa mwaka unaofuata.

Saa halali ya mahali. Mji wetu wa Fairbend uko Alabama. Lakini tangu enzi za kufanya kazi kwenye viwanda vya nguo vya ng'ambo ya mto, upande wa Georgia, sisi tunafuata saa ya Georgia, iliyo mbele yetu kwa saa nzima. Shule, kanisa, kinyozi, wote. Babu alizaliwa, akaoa na akazikwa kwa saa ya Georgia. Hakuna anayeliwaza jambo hili, kama vile samaki asivyowaza maji. Lakini kisheria, na nimeifungua sheria yenyewe nikahakikisha, sisi ni Alabama na saa yetu ni ya Alabama. Ukuta wa ukumbi ulisema saa moja. Sheria ilisema saa kumi na mbili.

Tavaris hajasaini kitu.

Nilicheka peke yangu jikoni mpaka Mama akauliza kama naumwa.

Jumatano, 11 Februari

Nimepeleka swali kwa kamati inayosimamia karatasi hizo. Kurasa sita, pamoja na ungamo la Brannock la Januari. Nakala kwa Strickland. Nimempigia mstari chini ya neno gumu.

Ijumaa, 13 Februari

Jumatatu nilikuwa "kijana". Leo ni "Bwana Gaither". Sauti ya Strickland imelainika kama siagi iliyosahauliwa juani. Anauliza kama ni kweli kuna watu wanaoishi namna hiyo. Nikamjibu kwamba Brannock angeweza kumweleza: siku ya kwanza alikuja kwetu amechelewa saa nzima, chakula kimepoa, akaapa hajachelewa. Sote tulicheka, yeye zaidi.

Brannock naye ameleta ujumbe. Ananisihi nisimtaje. Port Lavelle hawajampa mkataba kamili, na jina lake likiingia kwenye uamuzi wa kamati, huenda wakabadili nia. Mkewe ameshaacha kazi.

Sijamjibu. Nimeurudia ujumbe wake jioni yote, kama mtu alambaye kijiko kilichokwisha asali.

Jumapili, 15 Februari

Bi Renetta Askew, mama yake Cort, alikuja baada ya ibada na keki ya siagi. Mwanawe aliumia goti Jumanne kwenye mpira wa kikapu, atapasuliwa. Kile chuo cha milimani kinapiga simu kila siku kuulizia goti. Hawaulizii hali yake. Wanaulizia goti.

"Karatasi ndiyo inayowashika, Everett," akasema. "Isingekuwa karatasi wangekuwa wameshamtupa. Sasa nasikia unasema saini za asubuhi ile ni bure."

"Ya Tavaris tu, Bi Renetta."

"Walikaa meza moja, mwanangu. Chini ya saa ileile ya ukutani."

Nikamweleza kwa heshima kwamba sheria sikuitunga mimi, mimi naisoma tu.

"Ndivyo alivyosema na yule kocha wenu, au sivyo? Kwamba kazi ndivyo ilivyo."

Mama akainuka kwenda kuosha vikombe ambavyo hatukuwa tumevitumia.

Hoja yake ni dhaifu. Brannock alificha ukweli kwa faida yake. Mimi naufichua, na sipati hata senti. Brannock alijua atakayeumia. Mimi—

Hoja yake ni dhaifu.

Jumanne, 17 Februari

Strickland amekubali kushindwa, lakini kwa mlango wa nyuma. Atamwachilia Tavaris aende chuo chochote atakacho, bila adhabu. Sharti ni moja: niondoe swali langu kabla kamati haijaamua. Kusiwe na uamuzi. Kusiwe na majina. Caldmont iendelee kusajili Alabama, Brannock aendelee na tai yake ya chungwa. Karatasi ya Cort ibaki ilivyo, kwa kuwa hakuna atakayekuwa ameuliza juu ya saa.

"Kubali, Profesa," akasema Tavaris. Alikuwa akitafuta funguo za gari ampeleke Cort kwa daktari.

"Watapona bila mkwaruzo."

"Mimi nitacheza."

"Walikudanganya, T. Wamekufanya mjinga mbele ya mji mzima."

"Walinidanganya mimi, kaka. Mimi nimeshalala usingizi. Wewe ndiye unayetembeatembea nyumba nzima unaongea na mafriji."

"Leo wamekufanyia wewe, mwakani watamfanyia mwingine. Lazima mtu awafunge."

"Basi wafunge. Ila goti la Cort usilifanye kufuli." Akazipata funguo mfukoni mwake mwenyewe. Mlangoni akageuka. "Kwa alama ulimshinda Strickland. Dakika zimeisha, toka uwanjani."

Ana miaka kumi na minane na hajasoma kitabu kizima tangu mwaka juzi.

Nimeandika jibu la kukubali. Limekaa mbele yangu tangu alasiri. Kila kifungu chake ni sahihi, na kila nikinyoosha mkono kulituma namwona Brannock sebuleni kwetu, ameshika mkono wa Mama, macho amefumba, anaomba baraka juu ya safari ya mwanawe mpya huku moyoni ameshafunga mizigo. Nataka waumie. Nimeiandika sentensi hiyo ili niione kwa macho. Nimeiona. Bado nataka.

Alhamisi, 19 Februari

Barua ya kuachiliwa iko tayari Caldmont tangu asubuhi hii. Strickland ameshaisaini. Anasubiri neno langu tu ndipo aitume.

Na sasa hivi mwanamke wa kamati amepiga simu. Mpole, makini, haharakishi. Amesema miaka yote aliyokaa ofisini humo hajaletewa hoja iliyojengwa vizuri hivi, hata na mawakili wanaolipwa. Akauliza nimesomea wapi. Amethibitisha saa halali ya Fairbend. Ungamo la Brannock ameliwekea alama. Anaona hakuna njia ambayo Caldmont itaponyoka. Limebaki jambo dogo la kukamilisha jalada: ni nani mwingine aliyesaini mezani pale asubuhi ile, na kwa chuo gani.

Kupitia dirishani namwona Tavaris akimtoa Cort garini. Amemshika kwapani, magongo yameanguka, wanacheka kitu ambacho siwezi kukisikia.

Naweza kusema: tunaondoa swali. Naweza kutaja jina moja. Nimemwomba asubiri kidogo kwenye simu nitafute kalamu.

Kalamu ninayo. Ndiyo hii ninayoandikia.