Mafuta ya Kuteremkia

Msambweni, Jumamosi, Juni 1998

Mvua inakuja na kuondoka tangu alfajiri, nguo zangu hazikauki, nami nina aibu. Afadhali niiandike mapema kabla sijaanza kujitetea.

Wasichana wangu wa kidato cha pili niliwapa kazi ninayoipenda kuliko zote: kila mmoja abuni setilaiti, aichore, aeleze itapaaje na itafanya nini. Huwatania kwamba mimi siwafundishi mtihani, nawafundisha uhandisi wa anga za juu, nao hucheka mpaka wakaegemeana. Lakini mimi sitanii. Naamini kabisa mmoja wao atafika.

Mejumaa, binti wa mkwezi wa minazi kule Bongwe, alichora setilaiti nzuri kuliko zote, kisha akaacha robo ya tangi la mafuta bila kazi yoyote. Nilikuwa na rundo la karatasi na kichwa kinaniuma. Maelezo yake yalikuwa nyuma, sikuyasoma. Nikaandika kwa wino mwekundu: "Unapoteza mafuta. Fikiri!" Nikampa nne kwa ishirini.

Jana babake alikuja shuleni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa kwenye ncha ya kiti na fomu mkononi. Ni ile ya kuchagua masomo ya kidato cha tatu, na mwisho wake ni Jumatatu. Mejumaa alikuwa ameikata fizikia. Amemwambia babake kwamba hana kichwa cha somo hilo, mwalimu mwenyewe amesema.

Mwalimu mwenyewe ni mimi.

Nikaitoa kabatini ile karatasi ya setilaiti, niliyoikusanya tena baada ya masahihisho, ili nijitetee. Mzee akaigeuza, akasoma polepole kwa kidole. Mejumaa alikuwa ameandika kwamba mafuta yaliyobaki ni ya kuishusha setilaiti ikishazeeka, iungue njiani isije ikazigonga nyingine. Akaongeza kwamba babake hateremki mnazini akaacha kuti lililokatika likining'inia, maana litakuja kumwangukia mpita njia.

Babake akaniambia, kwa upole ulioniuma kuliko matusi, "Mwalimu, mkwezi akimaliza nguvu zote kule juu, sisi huenda kumzika. Hapa mtoto hajakosea."

Miaka yote nawafundisha kurusha, sijawauliza hata siku moja watashushaje. Najua vyema kwamba huko juu kumejaa vyombo vilivyokufa vinavyozunguka bure, na bado nikamkata maksi mtoto pekee aliyelifikiria jambo hilo. Kiherehere changu hiki kitaniua.

Leo kwenye kilabu cha sayansi nilimsimamisha Mejumaa mbele ya wenzake, nikamwomba radhi. Nikampa fomu aliyoniachia babake. Alinikodolea macho kwanza, hakuniamini, kisha akaandika fizikia kwa herufi kubwa kuliko nafasi yenyewe. Moyo wangu ukatulia.

Hakuishia hapo, jamani. Akaniuliza, "Na zile zilizokwisha kuachwa kule, mwalimu, nani atazishusha?" Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Akafungua ukurasa mpya, akaliandika swali lake, akaanza kuchora. Wallahi nampenda mtoto huyu.

Kuanzia sasa nitasoma karatasi pande zote mbili. Lakini ni wangapi niliokwisha kuwakata maksi, wakaiacha fizikia kimya kimya, na baba zao hawakuja?