Kwa Baba, Ambaye Hakuzaa Samaki

Ni mwaka sasa, Baba, tangu uiache cherehani yako barazani. Majirani wanasema tumeshazoea. Hatujazoea, wala hatuna mpango wa kuzoea.

Ulikuwa fundi nguo, na futi yako ya kupimia haikubanduka shingoni. Hata kanisani ulisahau kuivua. Mteja akileta mtoto wake na kusema, "Fundi, mkatie kubwa, atakua tu," ulimjibu, "Nitamshonea huyu wa leo. Wa kesho akija, naye tutampima." Ndivyo ulivyotulea. Hakuna aliyevalishwa kipimo cha mwenzake.

Chumba chetu kilikuwa na pazia tu. Hata hivyo ulisimama nje, ukasema, "Hodi," ukangoja mpaka tuitikie. Wageni walicheka. Kaka yako, baba yetu mkubwa na mzee wa kanisa, alikuuliza tukisikia, "Unapiga hodi kwa watoto uliowazaa mwenyewe? Kwani nyumba ya nani hii?"

Ukamjibu ungali nje ya pazia, "Mungu mwenyewe hubisha hodi kwenye moyo wa mtu. Mimi fundi nguo ni nani hata nijiingilie?"

Asidhani mtu kwamba ulikuwa mlegevu. Tulisali, tuliosha vyombo, na tukikosa tuliomba radhi. Ila nawe ulipokosa ulituomba radhi, tena mbele ya wageni.

Kisha ikaja Jumapili ya kipaimara. Gauni jeupe la kitinda mimba wako, yule mwenye maswali, lilikuwa limeshapigwa pasi. Asubuhi akakwambia, "Baba, bado sijaelewa ninachokwenda kuahidi. Sitaki kumdanganya Mungu." Ukalirudisha gauni kabatini, mkaenda ibadani pamoja, mkakaa benchi la mbele.

Baba mkubwa alikungoja nje ya kanisa. "Samaki mkunje angali mbichi, mdogo wangu!"

"Nina watoto watatu, kaka. Samaki sijazaa."

Hata mchungaji alicheka.

Mwezi uliopita baba mkubwa alikuja na begi tupu. "Shemeji, huyu mdogo nimekuja kumchukua. Kwangu atanyooka."

Mama, ambaye unajua hapandishi sauti, aliendelea kukunja nguo. "Umemuuliza?"

"Nimuulize nani?"

"Mwenyewe."

"Tangu lini mtoto akaulizwa?"

"Tangu nilipoolewa nyumba hii, shemeji." Akamgeukia. "Mwanangu, unataka kwenda?"

Mtoto alisogea nyuma ya Mama. "Baba mkubwa, nakuheshimu sana. Lakini siendi."

Begi likarudi lilivyokuja. Maneno ndiyo yaliyobaki: kwamba nyumba ikikosa baba hukosa adabu, kwamba tunamharibu mtoto, kwamba Ukristo wetu ni wa pazia. Tumeyasikia, na tunayajibu hapa gazetini, ambapo kila mtu atasoma. Nyumba hii ina adabu. Tunamsalimu mkubwa, tunamsikiliza na mdogo. Mungu hakumuumba mtoto huyu awe nakala ya ukoo. Alimpa jina lake, akili yake na woga wake, na siku moja atamwitikia kwa sauti yake mwenyewe. Siku hiyo ikifika, tutawaalika nyote. Ikichelewa, mtoto ni wetu vilevile, na hapa ndipo kwao.

Baba mkubwa, nawe tunakupenda. Karibu wakati wowote, ila uje bila begi.

Wanaokukumbuka, Baba, ni mkeo, ambaye bado hapandishi sauti na bado hashindwi; mwanao wa kwanza, aliyerithi cherehani na wateja wako wasumbufu; binti yako wa kati; na kitinda mimba wako. Tangazo hili tulimsomea yeye kwanza. Akasema kuna sentensi moja inayomhusu asiyotaka watu waisome. Ilikuwa nzuri kuliko zote. Tumeifuta.

Tutakukumbuka daima, Baba, wala hatutanong'ona tukisimulia ulivyotulea.